Redio za ridhaa kwenye mbio za kilomita 42: ripita, bonde lisiloshika, watu 17 na betri

Wimbi_Fupi

Habari wakuu. Klabu yetu ya redio za ridhaa (za wapenzi wenye leseni, si za biashara) imeombwa kubeba mawasiliano ya mbio za jamii za kilomita 42.195. Njia ni kitanzi kimoja, mwanzo na mwisho ni uwanja uleule. Vituo vya maji ni 8, kila baada ya kilomita 5. Huduma ya kwanza iko kilomita ya 10, ya 20, ya 30 na kwenye mstari wa kumalizia. Kuna magari 2 ya wagonjwa, gari la mbele na gari la mwisho. Muda wa kikomo ni saa 6.

Tulichonacho: watu 17 wenye leseni, kila mmoja na redio ya mkononi ya wati 5, redio 4 za gari za wati 50 zenye bendi mbili (VHF na UHF), na ripita ya klabu (kituo cha juu kinachopokea sauti yako na kuirusha upya papo hapo) kwenye bendi ya mita 2, yaani VHF. Kinachotusumbua ni kipande cha kilomita ya 17 hadi ya 26. Njia inashuka bondeni nyuma ya kilima, na huko ripita inasikika vizuri lakini ukijibu unapokelewa kwa mikwaruzo au hupokelewi kabisa. Simu nazo huko ni za kubahatisha.

Tukae kwenye ripita au twende redio kwa redio, bila ripita? Bonde tulitatue vipi? Watu 17 wanatosha? Betri tuhesabu vipi kwa siku ya saa 8? Waandaaji pia wanataka kuona magari kwenye ramani, nikafikiria APRS (mfumo wa redio unaorusha mahali gari lilipo). Naomba majibu yenye namba.

Fundi_Masafa

Mkuu, hapo kwenye "inasikika vizuri lakini ukijibu" ugonjwa umeshautaja mwenyewe. Ripita ina antena juu na nguvu ya wati 25 hadi 50. Wewe una wati 5 na kile kiantena kifupi cha mpira. Kutoka wati 5 hadi 50 ni desibeli 10 tu, na hizo unaweza kuzirudisha nyingi bila kununua redio kubwa, kwa kurekebisha antena na namna ya kuishika redio.

Redio iliyoning'inia kiunoni na maiki ya begani ndiyo adui wa kwanza. Mwili unameza mawimbi ya VHF na antena inalala pembeni. Ishike mkononi usawa wa uso, antena wima, au ifunge kifuani ili antena ipite begani. Kisha badilisha antena. Ya robo wimbi kwa MHz 145 ni waya wa sentimita 49 hivi. Ukiitengenezea miguu minne ya chini ya sentimita 51 au 52, iliyoinamishwa nyuzi 45, unapata ukinzani ulio karibu na omu 50 ambao redio inautaka, na hakuna haja ya kifaa cha kulinganisha. Antena ya umbo la J iliyotengenezwa kwa waya bapa ina urefu wa karibu mita 1.5, inakunjwa mfukoni, unaivuta kwa kamba juu ya tawi mita 4 au 5. Kwa kituo cha maji kisichohama hiyo ndiyo naipendelea kuliko zote.

Angalia kebo lakini. RG-58 kwenye MHz 145 inakula karibu desibeli 2 kwa kila mita 10. RG-213 inakula chini ya 1. Kwa mita 5 RG-58 inatosha. Kwa mita 20 hadi juu ya mlingoti wa kituo kiongozi (kinachoongoza mawasiliano yote) usiitumie, zaidi ya nusu ya nguvu itaishia njiani.

Ripita au redio kwa redio: tumia ripita iwe chaneli kuu, na redio kwa redio iwe akiba iliyojaribiwa. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Mtu aliyeshika redio mita 1.5 kutoka ardhini ana kilomita 5, mlingoti wa mita 10 una 13, jumla 18. Hiyo ni ardhi tambarare isiyo na majengo wala miti, kwa hiyo ihesabu kama dari na si ahadi. Kwa kitanzi chako redio kwa redio haitafunika njia yote, lakini itaokoa vituo vya karibu na uwanja ripita ikizima.

Yote haya hayana maana kama hamjapita njia. Mtu mmoja akae mahali hasa patakapokuwa kituo kiongozi, mwingine asimame kila kilomita na redio ileile atakayotumia siku yenyewe, si ya gari. Kila pointi arushe maneno kumi hivi na apewe alama: 0 hapokelewi, 1 mikwaruzo hadi maneno yanapotea, 2 mikwaruzo lakini kila neno limeeleweka, 3 safi. Popote palipo chini ya 2 panahitaji dawa, na dawa ya kwanza ni kusogea. Mita 30 kando ya barabara zinaweza kutoa 3 pale palipokuwa na 1. Kumbuka pia siku ya mbio kutakuwa na malori na mahema ya bati yaliyoegeshwa hapohapo, kwa hiyo 2 ya siku ya majaribio huenda ikawa 1.

Kuhusu bonde, subiri nipate nafasi niandike vizuri.

Sauti_Kavu

Wakati Fundi anakuja na bonde, mimi niseme la watu, maana mbio nyingi zinakwama kwenye nidhamu ya hewani antena zikiwa nzima kabisa.

Kwanza hesabu ya 17. Ukimweka mtu kila kituo cha maji unatumia 8. Kituo kiongozi kinahitaji 2, mmoja anaongea na mwingine anaandika, wabadilishane kila saa 2 kwa sababu sikio linachoka kabla mwenyewe hajajua. Mmoja amfuate mkurugenzi wa mbio kama kivuli. Magari ya wagonjwa 2, gari la mbele 1, gari la mwisho 1, mstari wa kumalizia 1. Jumla 16, anabaki mmoja wa akiba. Inatosha, lakini imebana.

Unaweza kuilegeza. Kikomo cha saa 6 ni kama dakika 8.5 kwa kilomita. Mkimbiaji wa mwisho anayeruhusiwa atapita kilomita ya 5 dakika ya 43 baada ya kuanza, na ya 10 dakika ya 85. Wa kwanza, tuseme anamaliza kwa saa 2 na nusu, atafika kilomita ya 30 dakika ya 107 na ya 40 dakika ya 142. Kwa hiyo mwendeshaji wa kilomita ya 5, akishapitwa na gari la mwisho, ana saa nzima ya kwenda kilomita ya 30 kwa barabara ya pembeni. Wa kilomita ya 10 anaweza kwenda ya 40. Hapo umeokoa watu 2, mmoja wao mpeleke juu ya kilima, nadhani Fundi atakuja kusema kwa nini. Ila barabara ya pembeni iwepo kweli. Ikiwa njia pekee ni ileile ya wakimbiaji, usihamishe mtu.

Majina ya vituo yatokane na kilomita: Maji Ishirini, Tabibu Thelathini. Usiviite Kituo cha Nne, kwa sababu dereva wa gari la wagonjwa hatajua cha nne kiko wapi, lakini ubao wa kilomita anauona. Alama za wito za leseni bado lazima zitajwe kwa vipindi ambavyo leseni yenu inataka (Marekani kwa mfano ni angalau kila dakika 10 na mwisho wa mawasiliano). Njia rahisi ni kila mtu kumalizia mazungumzo yake kwa alama yake ya wito.

Namba za kifuani zitajwe tarakimu mojamoja, na mpokeaji azirudie. "Nne" na "nane" kwenye mikwaruzo ni ndugu wa tumbo moja, hasa upepo ukipiga maiki. Walioacha mbio wasitajwe mmojammoja kila anapoketi. Kituo kikusanye, kisome watano, kiachie kitufe kwa sekunde mbili ili mwenye dharura aingie, kisha watano wengine.

Ujumbe uwe wa ngazi tatu: dharura, kipaumbele, kawaida. Mwenye dharura anatamka neno "dharura" na jina la kituo, basi, kila mtu mwingine ananyamaza hadi kituo kiongozi kifungue hewa tena. Taarifa ya mgonjwa iwe na mpangilio mmoja: kilomita na upande wa barabara, namba ya kifuani, ana fahamu au hana, anapumua vizuri au la, na msaada unaotakiwa. Usitaje jina wala ugonjwa. Redio za ridhaa haziruhusiwi kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo, na mwenye skana yoyote anakusikia, ndugu wa mkimbiaji wakiwemo. Jambo zito zaidi ya hapo lipelekwe kwa simu au kwa mdomo kwa mkuu wa tiba. Na mwendeshaji wa redio asitafsiri maneno ya mhudumu. Ayaandike, ayasome kama yalivyo. Mhudumu akisema "hajielewi", wewe usigeuze ukasema "amezimia".

Kuita orodha ya vituo kila nusu saa msifanye. Vituo 16 kwa sekunde 10 kila kimoja ni karibu dakika 3 za hewa iliyofungwa bila sababu. Iiteni kabla ya mbio kuanza, na wakati wa kufunga. Na kituo hakifungi hadi gari la mwisho limepita NA kituo kiongozi kimemruhusu mtu kwa jina la kituo chake. Akiondoka kimyakimya mtatumia nusu saa kumtafuta, mkidhani ndiye mwenye shida.

Kimya_Kingi

Samahani wakuu, swali la mchokozi: kwani kikundi cha WhatsApp hakitoshi siku hizi? Na bonde lisiloshika simu unalitafutia hata redio ya kukodi.

Sauti_Kavu

Kwa picha na orodha ndefu ya namba, WhatsApp ni nzuri kuliko redio, itumieni. Lakini mkimbiaji akianguka, redio moja inaarifu gari la wagonjwa, mkurugenzi na kituo cha mbele kwa sekunde 15 na wote wamesikia kwa pamoja. Kwenye kikundi hujui nani amesoma. Pia mitandao ya simu hulemewa watu wengi wanapopiga kwa wakati mmoja. Kwenye mbio za Boston za Aprili 15, 2013, baada ya milipuko karibu na mstari wa kumalizia, ndivyo ilivyokuwa, na waendeshaji wa redio za ridhaa walikuwa tayari wamepangwa kwenye njia.

Redio za kukodi za kibiashara ni chaguo halali kabisa. Waandaaji wenye fungu wafanye hivyo kwa wafanyakazi wao, nanyi mbebe usalama na tiba.

Fundi_Masafa

Narudi kwenye bonde. Kuna njia mbili.

Ya kwanza, ninayoipendelea: mtu juu ya kilima mwenye redio mbili. Moja iko kwenye ripita, nyingine kwenye chaneli ya UHF ya bondeni. Anasikiliza pande zote na kurudia ujumbe kwa mdomo. Ni polepole, kila ujumbe unachukua muda mara mbili, lakini hakuna kinachoharibika. Kati ya kilomita ya 17 na ya 26 una vituo viwili tu, cha 20 na cha 25, pamoja na magari yanayopita. Kwa wingi huo mtu anaweza.

Ya pili ni krosibendi: redio ya gari ya bendi mbili inayopokea UHF na kurusha VHF papo hapo, na kinyume chake. Inafanya kazi vizuri sana ikipangwa na inaudhi sana isipopangwa. Haya ndiyo yanayoiangusha:

Hamoniki ya tatu, yaani masafa ya ziada yanayotoka mara tatu ya unayorusha. Ukirusha MHz 145.050, mara tatu yake ni 435.150. Ukichagua UHF ya 435.150 au jirani yake, redio itajisikia yenyewe. Piga hesabu na masafa ya kuingilia ya ripita yenu, kwa kuwa hayo ndiyo redio ya kilimani inayorusha, na ukae mbali nayo kwa MHz 1 au zaidi.

Kelele. Bila toni ya CTCSS (mlio wa chini unaorushwa pamoja na sauti ili redio ifunguke kwa wenye toni hiyo tu) kwenye upande wa UHF, mwale wowote wa kelele unafungua skwelchi (kizuia kelele cha redio) na kukanyaga ripita nzima. Weka toni.

Mkia wa ripita. Hili watu hawalioni hadi siku yenyewe. Ripita nyingi hubaki zikirusha sekunde kadhaa baada ya mtu kuachia kitufe. Muda wote huo redio ya kilimani bado inapokea VHF, kwa hiyo bado inarusha UHF, kwa hiyo watu wa bondeni wakibonyeza hakuna anayewasikia. Wakati hewa ina shughuli wanaweza kukaa dakika kadhaa wakipiga kelele bure. Dawa ni mtunza ripita kufupisha mkia hadi sekunde moja au chini siku hiyo. Ikiwa ripita yenu hutoa toni wakati tu mtu anaongea na huikata kwenye mkia, weka redio ya kilimani isifungue bila toni hiyo na tatizo limekwisha.

Joto. Redio ya gari haikutengenezwa irushe mfululizo. Shusha VHF iwe wati 10 (kutoka juu ya kilima inatosha) na UHF wati 5, ifungwe mahali penye hewa, si chini ya kiti. Na iwe na betri yake. Ukitegemea betri ya gari saa 6 injini imezimwa, gari halitawaka.

Mwisho, mtu akae hapo aweze kuizima, na soma masharti ya leseni yenu juu ya vituo vinavyojirusha na jinsi ya kuvitambulisha.

Wimbi_Fupi

Asanteni sana. Nimeelewa kwa nini ripita "inasikika lakini haitusikii". Mawili zaidi. Waandaaji wameomba tuwape madereva wa magari ya wagonjwa redio zetu wazungumze wenyewe, hawana leseni. Na wanasema watailipa klabu. Tuwajibu nini?

Sauti_Kavu

Redio hapana. Asiye na leseni harushi kwenye masafa ya ridhaa kwa utashi wake. Mahali pengine sheria inaruhusu mtu wa tatu kuongea mwenye leseni akiwa pembeni na akisimamia, mahali pengine hairuhusu, na hilo utalipata kwenye masharti yenu na si kwenye uzi huu. Ndiyo maana kwenye ile hesabu niliweka mwendeshaji mmoja ndani ya kila gari la wagonjwa. Ni bora hata kwa dereva, anaendesha huku mwingine anasikiliza.

Malipo: kanuni za kimataifa za ITU (umoja wa kimataifa wa mawasiliano) zinaieleza huduma ya redio za ridhaa kuwa ni ya watu wasio na maslahi ya kifedha. Kubalini ujumbe kwa niaba ya usalama wa jamii, kataeni ujira wa kuurusha. Fidia ya nauli au mchango kwa klabu ni jambo la kuulizwa kwa mamlaka yenu kabla, kwa maandishi.

Ampea_Saa

Betri. Tuanze na kituo kiongozi. Redio ya wati 50 inavuta karibu ampea 10 ikirusha na nusu ampea ikisikiliza. Kituo kiongozi kinaongea sana, chukua robo ya muda. Saa 8 × 0.25 × 10 ni Ah (ampea-saa) 20. Saa 6 zilizobaki × 0.5 ni Ah 3. Jumla 23. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo tafuta ya Ah 50. Ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) Ah 30 inatosha. Ukishusha nguvu hadi wati 20 matumizi ya kurusha yanashuka hadi ampea 5 au 6, na kama ripita iko wazi hakuna atakayesikia tofauti. Watu wanaacha wati 50 kwa sababu tu kitufe kipo.

Waya ndio unaosahaulika. Betri iko mita 4 kutoka kwenye redio, kwenda na kurudi ni mita 8. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.55 kwenye ampea 10. Redio nyingi za gari zimeandikwa volti 13.8, kwa tofauti ya asilimia 15, maana yake chini ya 11.7 hazina dhamana. Betri ya asidi iliyojaa ina 12.6 ikiwa imepumzika. Toa kushuka kwa betri yenyewe, toa 0.55 ya waya, toa viunganishi vyenye kutu, na unafika 11.7 mchana kabla mbio hazijaisha. Dalili yake ni redio inayosikiliza vizuri lakini inazima au sauti inapasuka ukibonyeza kitufe. Watu hubadilisha maiki! Pima volti wakati wa kurusha, kwenye plagi ya redio, si kwenye betri. Tumia waya wa milimita za mraba 6, na fyuzi iwe karibu na betri kwenye waya chanya, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya.

Redio za mkononi: kurusha wati 5 ni karibu ampea 1.5, kusikiliza na kusubiri wastani wa 0.1 hadi 0.15. Kituo cha maji kinachoongea asilimia 5 ya saa 8 kinatumia Ah 0.6 kwa kurusha na karibu Ah 0.8 hadi 1.1 kwa kusikiliza. Betri ya Ah 2 mpya inafika. Betri ya Ah 2 yenye miaka minne haifiki. Kila mtu awe na ya pili, na atakayehamia kilomita ya 30 au ya 40 abadilishe kabla ya kuondoka, asisubiri mlio wa onyo. Zichajiwe usiku wa kuamkia mbio. Taa ya kijani ya chaja haisemi betri ina uwezo kiasi gani, inasema tu kwamba imekataa kupokea zaidi.

Na kelele kwenye uwanja: maonyesho ya taa za LED, saa kubwa ya mbio, feni ya lile tao la hewa na pawa saplai za bei rahisi hutoa takataka kwenye VHF. Ukiona skwelchi ya kituo kiongozi inafunguka yenyewe mara waandaaji wanapowasha vitu vyao, usipandishe skwelchi, utawafunga wenye mawimbi dhaifu. Sogeza antena mita 15 au 20 kutoka hapo. Kituo kiongozi kisiwe chini ya spika za mshereheshaji pia, ila hilo nadhani linajulikana.

Nukta_Ramani

APRS: inafaa, ila kwa magari tu. Vifuatiliaji vinne vinakutosha: wagonjwa wawili, mbele, mwisho. Wakimbiaji waachieni watu wa kupima muda.

Masafa ya APRS ni MHz 144.800 sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika, na 144.390 Amerika Kaskazini, thibitisha kwenu. Kasi ni bodi 1200 (biti 1200 kwa sekunde) na pakiti moja ya data inachukua nusu sekunde hadi sekunde moja. Vifuatiliaji vingi haviulizani zamu, pakiti zikigongana zimepotea. Kwa hiyo usirushe kila sekunde 10 eti upate mstari mzuri kwenye ramani. Gari la wagonjwa kila sekunde 60: likienda kilomita 60 kwa saa ni pointi moja kwa kilomita. Gari la mwisho linakwenda karibu kilomita 7 kwa saa, kila dakika 2 ni mita 230 hivi, inatosha kabisa. Njia ya kurushwa iwe WIDE1-1,WIDE2-1, yaani pakiti irudiwe na vituo vingine mara mbili tu. Ukiongeza miruko zaidi unajaza hewa ya watu wa mbali wasiokuhusu.

Antena iwe juu ya paa, ya sumaku. Kifuatiliaji kilichotupwa kwenye dashibodi na antena ya mpira kitaonekana uwanjani na kupotea kilomita ya 17. Bondeni utahitaji dijipita (ripita ya pakiti za APRS) juu ya kilima, yaani redio ya tatu kwa yule mtu. Na mnara wa intaneti ukizidiwa ramani za mtandaoni hazitafunguka, kwa hiyo kituo kiongozi kiwe na redio ya kupokea, kompyuta yenye modemu ya programu kama Dire Wolf, na ramani zilizopakuliwa kabla.

Shida moja zaidi: ndani ya gari la wagonjwa kifuatiliaji kinarusha MHz 144.800 na sauti inapokelewa MHz 145 na kitu, antena zikiwa mita moja kutoka kwenye nyingine. Kila kifuatiliaji kinaporusha, redio ya sauti inazibwa sikio. Kwa sekunde moja kila dakika inavumilika, lakini mwendeshaji ajue, asidhani redio imeharibika. Shusha kifuatiliaji hadi wati 5 au 10, na weka antena moja mbele na nyingine nyuma ya paa.

Mkurugenzi ukimwonyesha ramani mwonyeshe na umri wa kila pointi. Pointi ya dakika 9 zilizopita inaonekana sawasawa na ya sekunde 9, naye ataagiza gari ambalo halipo pale.

Wimbi_Fupi

Kilimani nadhani tutaweka mtu mwenye redio mbili, krosibendi tutaijaribu siku nyingine isiyo na wagonjwa. APRS bila dijipita basi, bondeni tutaripoti kwa sauti. Redio zetu ni mchanganyiko wa aina sita tofauti. Chaneli tuzipange vipi ili mtu asipotee?

Fundi_Masafa

Namba zilezile kwenye kila redio. 1 ripita. 2 redio kwa redio kwenye masafa ya kutokea ya ripita, ili ripita ikizima mtu akigeuza hatua moja tu bado yuko na wenzake. 3 redio kwa redio nyingine ya mizigo, maji yaliyoisha na mabasi ya walioacha mbio. 4 UHF ya bondeni. Futa au ficha zilizobaki na funga vitufe, isipokuwa kitufe cha kuongea na cha sauti.

Kanuni ya kuhamia chaneli 2 iandikwe kwenye karatasi ya kila mtu: umeita mara tatu ndani ya dakika 2, husikii hata mkia wa ripita, geuza. Kituo kiongozi kiwe na redio ya pili inayosikiliza chaneli 2 muda wote.

Weka kikomo cha kurusha cha sekunde 60 kwenye kila redio. Maiki iliyobanwa kati ya viti inaweza kufunga ripita nzima, na aliyeibana hasikii mkimwita kwa sababu anarusha. Kikomo kinamkata. Wafundishe pia kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo waongee. Ripita inahitaji kitambo kutambua toni, na neno la kwanza ndilo linaloliwa, ambalo kwa kawaida ni jina la kituo.

Halafu linganisheni upana wa chaneli. Kwa aina sita hakika kuna redio iliyowekwa kHz 12.5 na nyingine 25. Iliyo nyembamba ikirusha, wengine wanaisikia kwa sauti ya chini kana kwamba mtu yuko mbali na maiki. Iliyo pana ikirusha, wenye nyembamba wanasikia maneno yanapasuka kwenye sauti kubwa. Watu hulaumu antena. Kaeni wote chumba kimoja kabla ya siku, kila redio irushe chaneli 1 hadi 4 kwa nguvu ya chini, na mwenye kalamu aandike: imefungua ripita, toni sawa, sauti sawa. Itakayoshindwa chaneli moja ipangwe upya hapohapo au ibaki nyumbani. Redio moja ya mkononi ya ziada iliyopangwa hivyohivyo ikae kwa mwendeshaji wa akiba, pamoja na betri yake.